Bwana Majukumu na Salamu za Baba Yake

Jirani yangu tulimwita Bwana Majukumu, na jina hilo nilimpa mimi, kwa hiyo nina haki ya kulitumia. Nilimpa siku aliposimama mbele ya ofisi nzima, shati limenyooka, akatuambia kwamba taabu yote ya dunia inatokana na watu kufanya kazi zisizowahusu. Yeye alikuwa mwandishi wa programu. Mimi ndiye niliyezijaribu programu zake kabla hazijamfikia mteja. Kazi yangu ilikuwa kujifanya mtu mwenye haraka, mtu asiyeona vizuri, mtu aliyegombana na mkewe asubuhi ile, na kubonyeza kila mahali mpaka kitu kiharibike. Nilimharibia vingi. Hakunipenda, na mimi sikumpenda, na kwa kuwa nyumba zetu zilipakana ukuta kwa ukuta, tulianza kununiana nyumbani asubuhi, tukaenda kuendelea kazini.

Ndipo ofisi ilipotuletea msaidizi wa akili bandia, yule anayekaa kwenye terminali. Terminali ni dirisha jeusi lisilo na picha wala vitufe: unaandika unachotaka, naye anasoma mafaili yako, anaandika programu, anaiendesha, anakuletea majibu. Sisi wengine tulimtumia kama mtu mmoja. Majukumu akagundua kwamba anaweza kugawanywa. Unaandika faili fupi la maelezo: wewe ni Mpangaji, panga, usiguse programu. Faili jingine: wewe ni Mjenzi, jenga ulichopangiwa. Jingine la Mjaribu, jingine la Mkaguzi. Kila mmoja wao, wakala kama alivyomwita, anaanza kazi bila kujua lolote ila lililomo kwenye faili lake, na akimaliza anampa mwenzake jibu fupi, basi. Na ilifanya kazi. Anayekuambia haikufanya kazi ana wivu au ni mwongo, na mimi wivu ninao lakini mwongo si mimi. Wazee walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Majukumu alisema hao manahodha hawakuandikiwa maelezo vizuri.

Bosi wetu alikuwa mtu wa kupenda kitu chochote kisichoomba ruhusa ya kwenda msibani. Aliposikia kuna Mjaribu asiyechoka, asiyekula mchana na asiye na ulimi, macho yalimng'aa. Nilikuja asubuhi moja nikakuta meza yangu ina kompyuta ya mtu mwingine. Nilimuuliza Majukumu, maana ndiye aliyekuwa amekaa karibu. Hakuacha hata kuandika.

"Dada," akasema, "jukumu lako limeshapata mwenyewe."

Watu walicheka, na wengine walicheka kwa sauti ili bosi asikie. Nikapewa kiti karibu na mlango wa choo na vifaa vya kuvaa masikioni, niwe napokea simu za wateja wenye hasira. Huo ndio ulikuwa upandishwaji cheo wangu.

Sasa nikuambie habari za nyumbani kwake, kwa sababu ndiko mambo yalikoharibikia. Majukumu aliishi na mkewe, mwalimu wa watoto wadogo, na baba yake, fundi seremala aliyestaafu ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Randa. Nusu ya milango ya mtaa wetu ilitoka mikononi mwake, na haikwami hadi leo. Mzee alikuwa na kisukari. Chumba chake kilikuwa nyuma, uani, dirisha lake likitazamana na dirisha la jiko langu, kiasi kwamba nikikaanga vitunguu yeye hupiga chafya. Daktari alikuwa ameonya kwamba ugonjwa ule huua hisia za miguuni, mtu anaweza kukanyaga msumari asijue, kwa hiyo miguu itazamwe mara kwa mara. Mkwewe asingeweza kuitazama. Mwanamke havui soksi za baba wa mumewe, na Mzee Randa mwenyewe angejifunika shuka hadi kidevuni. Kazi ile ilikuwa ya mwanawe, na kwa muda aliifanya.

Mkewe alikuwa na kazi nyingine ambayo hakuna aliyempa. Kila asubuhi alimpelekea mzee chai, akaketi kwenye kigoda, akamwamkia, akauliza habari za kuamka. Mzee husema nzuri. Unaijua nzuri yetu. Hata aliyeibiwa usiku kucha, ukimuuliza habari atakujibu nzuri, kwanza heshima, matatizo baadaye. Anakunywa chai kidogo, anatazama nje, ndipo anasema ila. Baada ya ila ndiyo zinakuja habari zenyewe: tumbo, ndoto mbaya, dawa iliyoanguka chini ya kitanda. Yule mwanamke alikuwa na subira ya kuisubiri ila ya mzee, na hivyo ndivyo alivyojua kila kitu kilichokuwa kikimsumbua.

Majukumu aliona pale kuna upotevu wa muda tu. Mkewe anachelewa shuleni kwa ajili ya soga, yeye mwenyewe anachelewa kazini kwa ajili ya vidole vya miguu. Akaamua kuipanga nyumba kama alivyopanga ofisi. Mke: chai, chakula na dawa, aweke aondoke. Afya ya mzee: mawakala.

Aliijenga programu hiyo ofisini, kwenye lile dirisha jeusi, na mimi niliiona ikijengwa kwa sababu kila aendaye chooni hupita mgongoni kwake. Kutakuwa na Msalimu, wakala wa kumwamkia mzee kwa simu kila asubuhi na kumuuliza hali. Kutakuwa na Mfupishaji, wa kuligeuza jibu la mzee kuwa neno moja: salama, anaumwa, au hajajibu. Na Mkaguzi, wa kuhakikisha neno hilo linafanana na jibu alilopewa. Mpangaji, Mungu amjalie, alipendekeza awepo mtu wa kutazama miguu. Majukumu akafuta sentensi hiyo. Akiwa na kidonda atasema, aliandika, na akamwongezea Msalimu maelezo: usimchoshe mzee, akishajibu habari yake mshukuru, ukate simu.

Kisha akamwamuru Mjaribu, yule aliyenirithi, abuni wazee wa kuijaribia. Nikasimama nyuma yake nikawasoma. Mmoja aliulizwa habari akajibu, "Kifua kinanibana." Mwingine, "Nimeanguka bafuni." Mwingine, "Sijalala, naumwa sana." Wote walinaswa, na skrini ikajaa alama za kijani.

Nilimuuliza hawa ni wazee wa wapi, wanaotaja maradhi kabla ya kusema nzuri.

"Dada," akasema, "simu yako inalia."

Ilikuwa inalia kweli, nikaenda kutukanwa na mteja.

Simu ya mzee iliwekwa juu ya kigoda, palepale mkewe alipokuwa akikaa. Asubuhi ya kwanza nilikuwa jikoni nikaisikia sauti ya Msalimu, tamu, ya mtoto aliyelelewa vizuri. Shikamoo baba. Marahaba. Habari za kuamka? Mzee akajibu, nzuri mwanangu, nzuri, ila. Akatua kidogo kama desturi yake. Msalimu akamshukuru, akamtakia siku njema, akakata. Mzee hakujua kwamba amekatiwa. Akaendelea kuisimulia ile simu iliyozima habari za goti lake na mashine ya kupasua mbao aliyoiota, taratibu, kama mtu anayeongea na mwanawe. Kule ofisini neno lilikuwa limeshafika: salama.

Nikamsubiri Majukumu getini nikamwambia. Nilimweleza vizuri, bila matusi, ingawa matusi nilikuwa nayo mdomoni. Akanijibu kwamba Mkaguzi hajaona kasoro yoyote, na kwamba kusikiliza madirishani kwa watu si jukumu la mtu yeyote. Sikumwambia mara ya pili. Mimi si ngoma, sipigwi mchana na jioni.

Mambo yakaenda hivyo. Asubuhi baada ya asubuhi niliisikia nzuri ya mzee, niliisikia ila yake, niliisikia asante baba, nikafunga dirisha nisisikie yaliyofuata. Majukumu alinenepa. Alianza kusema kazini kwamba anajua hali ya baba yake kuliko mtu yeyote pale anavyojua ya wazazi wake, na akatuonyesha safu ya salama, salama, salama, ikishuka hadi chini ya skrini. Kutazama miguu aliacha kabisa. Aliacha hata kuingia chumbani, kwa sababu mtu haingii kukagua kilichokwisha kaguliwa.

Siku moja mkewe alikuja kwangu na uso umemshuka. Akasema chumbani kwa mzee kuna harufu. Si ya jasho wala ya dawa. Alikuwa amemuuliza mzee, naye akamwambia asijisumbue.

"Nilishamwambia mwenzio," mzee alikuwa amemjibu. "Namwambia kila asubuhi. Ana kazi nyingi, akipata nafasi atakuja."

Hapo ndipo nilipoelewa. Yule mzee hakudhani anaongea na programu. Alidhani kila neno linamfikia mwanawe, na mwanawe anasikia kuhusu mguu, leo, kesho na keshokutwa, na haji. Na bado alikuwa anamtetea.

Mkewe alimwambia mumewe jioni ileile, mezani. Alinisimulia kesho yake huku akilia. Majukumu hakupandisha sauti. Alifungua laptopu katikati ya vyombo, akamgeuzia ile safu ya kijani, akamuuliza anaona nini. Akasema anaona salama.

"Baba mwenyewe anasema yuko salama," akamwambia. "Sasa mwongo ni nani, baba au wewe?"

Kisha akamkumbusha kwamba yeye amepewa chai, chakula na dawa, na vyote vitatu anavifanya vizuri, aendelee. Nilimwambia yule mwanamke aingie amvue mzee soksi, aibu baadaye. Akanitazama kama nimemwambia aende uchi sokoni. Alisema atampigia simu shemeji yake mkubwa aje, na shemeji akasema anakuja mwisho wa mwezi.

Mwisho wa mwezi haukufika. Bosi alikuwa ameshainusa ile programu. Kuna kliniki moja kubwa iliyokuwa na wazee wengi majumbani, na bosi akawaalika wakubwa wa kliniki hiyo waje waone. Ofisi ikafagiliwa. Sisi wa simu tukaamriwa tuvue vifaa vya masikioni tukakae chumba cha mikutano, tujaze viti, tuonekane wengi. Wakaja wageni watatu, na mmoja wao alikuwa muuguzi mkuu wa kliniki, mama mnene mtulivu aliyeweka mkoba magotini na hakutabasamu kwa mzaha wowote wa bosi.

Majukumu aliwaonyesha kila kitu. Alifungua lile dirisha jeusi kwenye ukuta kwa projekta, akawaonyesha faili la kila wakala, akaeleza kwa nini hakuna anayeruhusiwa kugusa kazi ya mwenzake. Aliongea vizuri, siwezi kumnyima hilo. Halafu akasema sasa mtasikia simu yenyewe ya asubuhi hii, moja kwa moja. Na kwa kuwa alitaka wageni wasikie sauti bila kukatika, alikuwa ameizuia simu isifunge. Msalimu angemaliza kazi yake, lakini kipaza sauti cha kule chumbani kingebaki wazi.

Shikamoo baba, akasema Msalimu, na sauti ikajaa chumba. Marahaba. Habari za kuamka? Nzuri mwanangu, akasema Mzee Randa, nzuri. Ila. Msalimu akashukuru, akamtakia siku njema. Ukutani likatokea neno la kijani, kubwa kama kibao cha duka: SALAMA. Bosi akainua mikono apige makofi.

"Ila huu mguu, mwanangu," ikasema sauti ya mzee. "Nimekuambia na kukuambia. Sasa umekuwa mweusi, na unanuka, na mkeo anaona haya kuutazama. Najua una kazi. Njoo uutazame tu. Sikuombi kingine."

Bosi aliishusha mikono polepole. Mzee akakohoa, akanyamaza kama anayesubiri, halafu tukasikia kitanda kikilia alipokuwa akijigeuza. Lile neno bado lilikuwa ukutani. Muuguzi mkuu akamtazama Majukumu.

"Huyu ni nani?" akauliza.

Mimi nilikuwa namtazama Majukumu usoni, nilikuwa karibu kuliko wote. Niliona jibu la kweli likipanda hadi kooni, na nikaona akilimeza.

"Ni mzee wa kubuni," akasema. "Tunao wengi, wa kuijaribia programu."

Yule mama akasema sauti ni ya kweli mno. Bosi akacheka, akasema siku hizi akili bandia inatengeneza chochote, na kasoro hiyo ndogo mtaalamu wetu atairekebisha leo hii. Majukumu akatikisa kichwa kukubali. Akaendelea. Aliendelea na maswali yao yote, kuhusu faragha, kuhusu mtandao ukikatika, huku jasho likimtoka mgongoni na kuchora ramani kwenye shati. Nimewachukia watu wengi maishani, lakini sijawahi kumchukia mtu nilivyomchukia pale, na nilimhurumia pia, na nikakasirika kwamba namhurumia.

Sikungoja maswali yaishe. Nilitoka nikampigia mkewe shuleni, nikachukua gari la kukodi, tukakutana uani kwao. Safari hii alimvua mzee soksi mwenyewe, mbele yangu, na mzee hakujifunika shuka. Aligeuza uso tu. Sitaeleza tulichokiona. Kisigino kilikuwa na kipande cha ubao, kibanzi chembamba, pengine kilitoka kwenye kigoda alichokitengeneza kwa mkono wake, na kilikuwa kimekaa mle muda mrefu. Alituambia hakiumi. Hilo ndilo lililomtisha daktari alipolisikia.

Hospitali waliukata mguu juu ya goti siku hiyohiyo.

Majukumu alifika mzee akiwa ameshaingizwa chumba cha upasuaji. Aliketi kwenye benchi la korido, na unajua alifanya nini? Alifungua laptopu juu ya magoti yake. Nilikaa pembeni yake kwa makusudi, nisome. Aliwauliza mawakala wake, mmoja baada ya mwingine, kosa ni la nani. Msalimu akajibu kwa adabu kwamba alimwamkia, akasikiliza jibu, akashukuru bila kumchosha mzee, kama maelezo yalivyosema. Mfupishaji akajibu kwamba alipewa maneno ya mwanzo ya mzee akayafupisha kama maelezo yalivyosema. Mkaguzi akajibu kwamba neno na jibu vililingana. Mjaribu akajibu kwamba wazee wote aliowabuni walipita. Majukumu akasoma hadi mwisho, akarudi juu, akasoma tena. Nadhani alitaka mmoja wao aseme samahani, au akatae, apate wa kumkasirikia.

Kisha akafungua faili la Msalimu na kuandika kwamba mzee akisema ila, subiri. Akamwamuru Mjaribu abuni wazee wapya wanaoanza na nzuri. Skrini ikajaa kijani. Kabla hajafunga, ujumbe wa bosi ukaingia: kliniki wamekubali, hongera, na yule mzee wa mguu wamempenda sana, tumtumie hata kwenye matangazo. Mkewe alikuwa amesimama nyuma yetu, naye aliusoma. Akaondoka akaenda kusimama mwisho wa korido, karibu na madirisha.

Mzee alipozinduka tuliruhusiwa kuingia. Alikuwa mdogo kitandani, na shuka upande mmoja lilikuwa limelala bapa. Mimi na mkwewe tulimwamkia, akatuitikia kwa sauti ya chini, akatuuliza kama tumekula. Majukumu aliingia mwisho. Alisimama miguuni pa kitanda, akaona amesimama vibaya, akasogea upande wa kichwani.

"Shikamoo baba," akasema. "Habari za sasa?"

Mzee Randa hakusema marahaba. Hakusema nzuri. Alimtazama mwanawe kwa muda, bila hasira, kama anavyotazama ubao kabla ya kuupima.

"Mguu umekatwa," akasema. "Nimefupisha, usije ukachelewa kazini."

Kisha akamgeukia mkwewe, akamwomba maji.